Bi Tunu Kindi Apanga Ada

Hapo zamani za kale, zamani ile ambayo hata siafu walikuwa na anwani na konokono alilipia kodi nyumba aliyoibeba mgongoni, palikuwa na bonde liitwalo Mvuleni. Sogeeni karibu. Na wewe hapo nyuma, acha kumfinya mwenzako! Hadithi hii ina hesabu kidogo, lakini msiogope. Mimi mwenyewe hesabu zilinishinda nikiwa darasa la tatu, na bado naisimulia.

Katika bonde hilo aliishi Bi Tunu Kindi, mhasibu. Alikuwa mdogo, angeweza kulala ndani ya kata ya maji na bado akapata nafasi ya kujigeuza. Lakini kichwa chake, mama wee! Ukimtajia ndizi ulizovuna, ulizokula na zilizooza, kabla hujafunga mdomo ameshakwambia ngapi ni zako na ngapi ni za mfalme.

Kwa miaka minane aliajiriwa na Bwana Fisi, mwenye ofisi ya mahesabu chini ya kilima. Bi Tunu akihesabu, Fisi akilipwa. Karanga zilibaki kwa Fisi, maganda yakaenda kwa Bi Tunu. Mwaka huo akasema basi, imetosha. Akaaga, akaenda kujitegemea.

"Hihihiii! Utarudi tu," Fisi akamwambia huku akichokonoa meno. "Kiangazi kikikukuta ghala tupu, utarudi mbio. Na mshahara nitaupunguza."

Bi Tunu akachukua kikapu chake, akatoka. Alikuwa ameshapiga hesabu yake. Yeye, mumewe Mabruki na watoto wao wanne walihitaji vibaba ishirini vya karanga ili wavuke kiangazi. Asipovipata kabla msimu wa kodi haujafungwa, hana njia nyingine, ni kurudi kwa Fisi.

Sasa niwaeleze kodi ya Mvuleni ilivyokuwa. Kila mwaka mvua zikikatika, kila mnyama alipeleka hesabu zake kwa Karani Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja kando ya bwawa, miwani juu ya mdomo. Umepata nini, umetumia nini, unalisha wangapi nyumbani. Kila biashara waliiandika kwa ukucha juu ya jani, na majani hayo ndiyo yalikuwa stakabadhi. Mwenye hesabu safi alilipa haki ya mfalme akaenda zake. Aliyechelewa au aliyekosea alibebeshwa magogo ya boma la mfalme, kiangazi kizima, juani! Hakuna aliyetaka magogo.

Na malipo ya kazi? Huko Mvuleni kila kazi ililipwa kwa kijiti. Fundi akianza kazi, anachomeka kijiti ardhini na kutia alama kivuli kilipoishia. Akimaliza, wanapima kivuli kimesogea kiasi gani. Shubiri moja, kibaba kimoja cha karanga. Kidole kimoja, karanga tano. Wachimba visima walilipwa hivyo, walinzi hivyo, hata wakunga hivyo hivyo.

Mteja wa kwanza wa Bi Tunu alikuwa Nyati. Akashusha gunia lake, puuu! Vumbi likatimka. Bi Tunu akachomeka kijiti, akakunja mikono ya gauni. Chap, chap, chap! Majani yakaruka kushoto, yakaruka kulia.

"Tayari, Mzee Nyati."

"Tayari nini? Hata sijakaa vizuri!"

"Hesabu zako tayari. Peleka kwa Karani."

Wakapima kivuli. Kidole kimoja. Nyati akatoa karanga tano, akazihesabu mara mbili asije akatoa sita.

"Ama kweli bei yako ni rahisi, dada!" akasema kwa furaha. "Mwaka jana alinifanyia Kobe. Siku mbili nzima! Nikamlipa vibaba ishirini na nne, na bado akasahau kuwaandika ndama wangu wawili. Ngoja niwaambie wenzangu."

Akawaambia kweli. Kesho yake foleni ilianzia mlangoni kwa Bi Tunu ikaishia bwawani. Swala, pundamilia, nguruwe pori, wote na magunia. Bi Tunu akafanya kazi mpaka mkia ukalegea. Chap, chap, karanga tano. Chap, chap, karanga tano. Wiki ikaisha, wiki nyingine ikaisha. Siku moja mchana akamimina mapato yote mbele ya mumewe. Vibaba viwili tu!

Mabruki alikuwa jikoni anakoroga uji. Akaangalia karanga, akaangalia watoto wanne waliokuwa wakigombea mwiko, akaweka mkono kiunoni.

"Mama Shani, mke wangu, mbona Kobe amejenga nyumba ya pili?"

"Kwa sababu anafanya polepole, Baba Shani."

"Basi na wewe fanya polepole! Jikune kichwa. Piga miayo. Nitakuletea chai kila baada ya jani moja, unywe kwa kijiko."

Bi Tunu akajaribu. Swala alipokuja, akashika jani la kwanza, akalitazama juu, akalitazama chini, akapiga miayo. Aaaah! Jani la pili akaligeuza. Mkia ukaanza kutikisika wenyewe. La tatu hakuweza tena, chap, chap, chap, akamaliza gunia zima kabla Mabruki hajafika na chai.

"Siwezi," akamwambia mumewe, karibu alie. "Hesabu ikikaa mbele yangu bila kufanywa, naisikia inawasha mwili mzima. Na kwa nini nijifanye mjinga ili nilipwe? Miaka minane nimejifunza kwenda haraka. Sasa haraka hiyo ndiyo inayotunyima chakula."

Mabruki akampa bakuli la uji. Bi Tunu akanywa, akawaza. Mwenye kosa siye yeye, bali ni kile kijiti. Kilipima kazi ilivyo nyepesi kwake, hakikupima ilivyo nzito kwa mwenye gunia.

Ghafla akaweka bakuli chini.

"Baba Shani, Tembo bado hajaleta hesabu zake, siyo?"

"Bado. Na zimebaki siku tatu tu Karani afunge kitabu chake."

"Vizuri sana!" Bi Tunu akasema, akaramba kijiko akicheka peke yake. Mabruki alimjua mkewe. Alipoona kicheko kile, akafunika chungu na kukaa mkao wa kusubiri.

Kesho yake, asubuhi na mapema, ardhi ikatikisika. Di! Di! Di! Tembo huyo, na magunia matatu. Tembo alikuwa mwenye barabara. Alikata njia msituni kwa miguu yake, na kila aliyepita alimlipa ndizi. Tatizo lake lilikuwa moja. Alipokuwa na njaa alikula stakabadhi, na nyingi zilikuwa zimetafunwa nusu.

"Bi Tunu! Nasikia unamaliza kwa kidole kimoja cha kivuli. Karanga zako tano hizi hapa, nimekuja nazo kabisa."

"Karibu, mzee wangu. Lakini leo sizitaki."

"Kwa nini? Unataka nne?"

"Naona aibu kukutoza hata moja," Bi Tunu akasema kwa sauti ya upole. "Kazi yenyewe ndogo hii. Mtu mwenye kichwa kikubwa kama chako ungeimaliza mwenyewe kabla mimi sijafunga kilemba."

Tembo akapepea masikio. "Hilo nalijua siku nyingi. Ni kupanga majani tu!"

"Ni majani tu! Basi tupatane hivi. Chomeka kijiti chako, uanze mwenyewe. Ukimaliza bila msaada wangu, nitakufanyia hesabu zako bure miaka saba. Ukiniita nikusaidie, utanilipa kivuli chote kitakachokuwa kimesogea tangu ulipoanza."

"Miaka saba bure?" Tembo akapiga baragumu, praaaa! "Karani Korongo! Njoo usikie Kindi amepata wazimu!"

Korongo akaja, akaandika mapatano juu ya jani pana la mgomba, akagonga muhuri wa tope. Tope halijakauka, maji ya bwawa yakachemka na Kiboko akatoa kichwa. Yeye kazi yake ilikuwa kuvusha wanyama mtoni, na stakabadhi zake zote zilikuwa zimelowa na kugandana.

"Na mimi!" akanguruma. "Tembo hawezi kupata miaka saba bure mimi nikakosa. Mimi nina akili kumshinda."

"Wewe?" Tembo akacheka. "Wewe unayepiga miayo ukiulizwa jina?"

"Andika, Karani, na mimi! Mapatano yale yale!"

Korongo akaandika. Tembo akakaa upande huu wa kichuguu kilichokuwa kando ya bwawa, Kiboko akakaa upande ule, hakuna anayemwona mwenzake. Vijiti viwili vikachomekwa.

Jamani, mngekuwepo! Tembo akamwaga magunia matatu kwa mkupuo mmoja. Akavuta pumzi ili aanze. Fuuuu! Majani yote yakapaa angani kama kuku wametishwa. Akaanza kuyakimbiza. Akayakusanya, akakaa, akahesabu. "Moja, mbili, tatu... hili lilikuwa la nne au la tatu? Nani amenisemesha?" Hakuna aliyemsemesha. Akaanza upya.

Upande wa pili, Kiboko alikuwa akibandua majani yaliyolowa. Chwaaa! Likachanika. Chwaaa! Jingine. Kufika mchana alikuwa na nusu jani la kuvusha pundamilia na nusu jani la kununua nyasi. Akayaunganisha pamoja, ikawa amenunua pundamilia.

Bi Tunu akapita na maji ya kunywa.

"Mzee Tembo, nikusaidie?"

"Kiboko ameshakuita?"

"Hajaniita."

"Basi na mimi bado! Ondoka, unanichanganya."

Akazunguka kichuguu.

"Bwana Kiboko, nikusaidie?"

"Tembo je? Ameomba msaada?"

"Hajaomba."

"Hajaomba? Na mimi siombi! Kwanza nakaribia kumaliza." Akaketi juu ya majani aliyokwisha kuyapanga.

Bi Tunu hakusema uongo hata mara moja, watoto. Aliulizwa akajibu. Na vivuli vikasogea, vikasogea. Jua lilipozama Korongo akapima shubiri kumi na mbili kwa kila kijiti. Wakubwa wale wawili wakalala pale pale juu ya hesabu zao, kila mmoja akiwaza mwenzake amefika wapi.

Siku ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Tembo alifunga kichwa kwa kitambaa. Kiboko alizungumza na majani, na alidai yanamjibu. Bi Tunu alikaa mlangoni akichana mkia, lakini moyoni hakuwa na raha hata kidogo. Je, kama wangeweza? Miaka saba ya kuwafanyia wakubwa wawili bure, na ghala tupu, na Fisi anasubiri chini ya kilima!

Alasiri, sauti ikapasua bonde.

"Nimemalizaaaaa! Praaaa!"

Tembo huyo! Chanuo likamwanguka Bi Tunu mkononi. Mabruki akatoka na mwiko. Wote wakakimbilia bwawani, na Kiboko akachungulia juu ya kichuguu, uso umemshuka.

Korongo akarekebisha miwani. Akasoma. Akasoma tena.

"Mzee Tembo, umeandika hapa kwamba mwaka huu ulipata watoto elfu moja mia mbili."

"Eee?"

"Na unalisha nyumbani ndizi wanne. Mmoja wao ameoza."

Wanyama wote wakaangua kicheko. Kiboko alicheka mpaka akarudi majini kwa mgongo, chubwiii! Tembo akanyakua jani lake. "Nimekosea mstari mmoja tu," akanung'unika, akarudi kukaa. Bi Tunu akashusha pumzi ndefu. Akamshika mumewe bega.

Siku ya tatu, siku ya mwisho. Jua lilipofika utosini, Korongo akaanza kukunja mkeka wake.

"Jua likigusa kilima nafunga kitabu," akatangaza. "Magogo ya mfalme yako pale. Ni mazito mwaka huu."

Tembo akayatazama magogo. Kiboko akayatazama magogo. Halafu wote kwa pamoja:

"Bi Tunuuuuu!"

Wakatimua mbio, huyu kutoka huku, yule kutoka kule, wakakutana kwenye kona ya kichuguu. Buuuu! Wakaanguka chali, miguu minane hewani.

"Umemwita wewe kwanza!" Kiboko akasema.

"Wewe ndiye wa kwanza! Bi Tunu, mama, njoo, nakuomba, sitaki kuona jani tena maisha yangu yote!"

Korongo akapima vijiti. Jana na juzi shubiri kumi na mbili kila siku, na leo sita. Jumla thelathini kwa Tembo, thelathini kwa Kiboko. Bi Tunu akakunja mikono ya gauni.

Chap, chap, chap! Yaliyotafunwa akayasoma kwa alama za meno. Yaliyolowa akayabandua kwa ncha ya mkia. Katikati ya kazi akagundua Tembo hakumwandika ndama yatima anayemlea, akamwandika, na kodi ya Tembo ikapungua mikungu minne. Kiboko naye alikuwa akitozwa kodi mara mbili kwa shimo moja la tope, akafuta mojawapo. Jua halijakaribia kilima, mihuri miwili imegongwa. Pa! Pa!

Tembo akapumua. Kisha akakumbuka.

"Ngoja kwanza. Vibaba thelathini? Lakini wewe umetumia kidole kimoja tu cha kivuli! Nimekuona kwa macho yangu!"

"Kidole kimoja kwa kijiti changu, ndiyo," Bi Tunu akasema. "Sisi tulipatana kijiti chako."

"Lakini kazi imekuwa nyepesi!"

"Ilikuwa nyepesi juzi asubuhi, mzee? Ilikuwa nyepesi jana?"

Tembo akamgeukia Korongo. Korongo akasoma jani la mgomba kwa sauti, mstari kwa mstari, na muhuri wa tope ulikuwa pale pale. Tembo akagusa kitambaa kichwani. Akayatazama magogo, halafu mikungu yake minne iliyookolewa. Mkonga ukaanza kutetemeka. Mara akapasuka kwa kicheko, praaaa! praaaa! mpaka ndege wakahama miti.

"Kiboko! Sisi ni wajinga!"

"Sema mwenyewe," Kiboko akasema. Lakini naye alikuwa anacheka, na akaenda kuleta karanga.

Vibaba sitini, watoto! Mabruki alivipokea kwa ungo, kwa sufuria, kwa kofia, na bado vingine vikabaki nje. Akarusha mwiko juu akacheza ngoma ya msewe pale pale, vumbi tupu, na watoto wanne nyuma yake.

Bi Tunu hakucheza bado. Mbele ya mlango alikuwa amesimama Ngiri, mchelewaji wa siku zote, gunia mgongoni. Alikuwa ameona kila kitu tangu mwanzo. Mkononi alikuwa na kijiti. Akakitazama, akamtazama Bi Tunu, akakitupa vichakani.

"Mama," akasema kwa adabu, "hesabu zangu hizi ni bei gani?"

Bi Tunu hakuwahi kuulizwa swali hilo maishani mwake. Kwa Fisi aliambiwa, kwa kijiti alipimiwa. Bei gani? Moyo ukamdunda, du, du, du. Akalitazama gunia, akapima kwa jicho. Akataka kusema kibaba kimoja. Ulimi ukamwasha kusema kimoja. Akajikaza, akasimama wima, mkia juu.

"Vibaba vitatu," akasema. "Kimoja na nusu sasa hivi, kimoja na nusu ukishagongewa muhuri."

Akasubiri achekwe.

"Haya," Ngiri akasema, akaanza kumpimia.

Hapo ndipo Bi Tunu Kindi alipoingia kwenye ngoma, akaruka juu kuliko mumewe, akilia na kucheka kwa pamoja, na mimi nimewaacha wanacheza nikaja kuwasimulia ninyi.

Funzo ni hili: kazi iliyo nyepesi mkononi mwa anayeijua, mlipe kwa uzito ilio nao mkononi mwako.